Kabla hujaanza kuvuta data za sayari za mbali

Wana Mwanza mnaopenda kodi (za kompyuta, sio za TRA), bando liwepo na laptopu ijae chaji, hayo mnayajua. Akiba ya data ya NASA ya sayari zinazozunguka nyota zingine, NASA Exoplanet Archive, haidai akaunti wala hela, unahitaji Paitoni (Python) na maktaba yake ya kuvutia data, pyvo au astroquery basi, na kama unajua SQL basi ADQL, lugha ya kuombea data humo, haitakusumbua.

Shida ni kukimbilia kuandika kodi kabla hujajua mstari mmoja wa jedwali maana yake nini. Jedwali la akiba hiyo linaloitwa ps lina mstari kwa kila sayari kwa kila utafiti uliochapishwa, kwaiyo sayari moja inajirudia hata mara kumi. Mi mara ya kwanza nilihesabu tu nikapata zaidi ya elfu 30, nikaenda kumringia jamaa yangu pale Kirumba, kumbe zilizothibitishwa ni elfu 6 na kitu, alinicheka wiki nzima. Weka default_flag = 1 ubaki na mstari mmoja kwa kila sayari. Au tumia jedwali lingine, pscomppars, humo kila sayari ina mstari wake mmoja, ila angalia, namba zimeokotwa kwenye tafiti tofauti na zingine zimekadiriwa tu, so kama unataka kupiga hesabu ya densiti cheki kwanza kolamu ya pl_bmassprov, inayosema uzito ni wa aina gani, ukikuta Msini ujue huo uzito ni wa chini kabisa unaowezekana, sayari yenyewe inaweza kuwa nzito zaidi.

Alafu nafasi tupu sio sifuri jamani. Sayari ya 51 Pegasi b, ile waliyoigundua wanaanga Mayor na Queloz 1995, walijua ipo kwa jinsi nyota yake inavyoyumba, haipiti mbele ya nyota tukaiona, sasa kipenyo chake utakipimaje? Ukijaza sifuri grafu yako imekufa.

Na kolamu ya discoverymethod, inayosema sayari iligunduliwa kwa njia gani, usiiruke. Nyavu ya sangara haileti dagaa, mvuvi yeyote wa Mwaloni anajua, ila hakuna atakayekwambia ziwani dagaa hamna. Nyingi zimenaswa zikipita mbele ya nyota zao, na njia hiyo inapenda sayari kubwa zilizo karibu na nyota, zile ndogo za mbali zinapenya.

Umbali hadi sayari, kolamu ya sy_dist, uko kwa paseki (parsec), zidisha kwa 3.26 upate miaka ya nuru. Ukishavuta seivu CSV na uandike tarehe kwenye jina la faili, orodha inaongezeka kila mara, na bando likikata utaendelea na kazi.