Laptopu ya mzee wa Ujiji na mfumo mwepesi niliomchagulia

Mzee mmoja wa Ujiji alikuja kibandani kwangu, hapa Mwanga, Kigoma, laptopu kaitia kwenye mfuko wa sandarusi. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu. Nipigie window, hii imechoka."

Nikaiwasha. Windows XP, ambayo Microsoft waliacha kuihudumia Aprili 2014. RAM GB 1, prosesa Pentium M. Mashine kama hiyo ukiipiga Windows mpya, kesho mteja karudi, na safari hii hakusalimii. Dawa yake ni Linux nyepesi, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows.

Nikamuuliza: unaifanyia nini? Anaandika hesabu za magunia ya dagaa yanayotoka Kibirizi, na barua za msikitini. Intaneti anayo kwenye simu. Hapo nusu ya kazi ilikuwa imekwisha, maana siku hizi kinachoua kompyuta kuukuu ni brauza. Utaweka mfumo unaokula MB 200 za RAM, ujione fundi, kisha mtoto wa nyumbani afungue video moja tu, mashine inaganda.

Swali la pili ni prosesa: ni ya biti 32, zile za zamani, au ya biti 64? Atom N270, Pentium M na Core Duo (ile isiyo na 2) ni za biti 32 tu. Core 2 Duo ni ya biti 64, na wewe mwenye hiyo huna shida kubwa. Usikisie. Faili la mfumo la biti 64 haliwaki kwenye prosesa ya biti 32 hata ulisomee dua, na bando limeshakwenda. Wa biti 32 wanazidi kufungiwa milango: kati ya Linux hizo, Lubuntu iliwaacha tangu toleo la 19.04, na Debian 13 ya Agosti 2025 haina tena kisakinishi chao.

Mzee nilimchagulia Linux iitwayo antiX 23, ya biti 32. Imejengwa juu ya Debian 12, ile kamili inakuja na LibreOffice, na haidai PAE, uwezo wa prosesa wa kufikia RAM kubwa, ambao mifumo mingine huudai na kuzikataa Pentium M za mwanzo.

Puppy, Linux nyingine, nayo naipenda, inajipakia yote kwenye RAM na inakimbia hata diski ikiwa imekufa. Lakini mara ya kwanza unapoizima inakuuliza kama uhifadhi kazi. Mimi nilijibu hapana kwa haraka, umeme ukiwa unacheza, nikapoteza orodha ya mteja ya siku mbili. Niliiandika upya usiku, bure. Kwa mtu mzima asiyezoea kompyuta siiweki. Tiny Core ni ndogo ajabu, faili lake la kawaida ni MB ishirini na kitu, ila utajiongezea kila kitu mwenyewe. Waachie wanaopenda kuhangaika.

Ukishachagua, andika faili la mfumo kwenye flashi ya GB 4 kwa programu ya Rufus. Washa ukigonga F12 kwa Dell, F9 kwa HP. Mashine ikiwa haijui kuwakia kwenye flashi, choma DVD. Kisha usisakinishe! Endesha humohumo kwenye flashi kwa saa nzima: jaribu waifai, sauti, printa, funga kifuniko ufungue uone kama inaamka. Fungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, andika free -m, usome RAM iliyotumika kabla na baada ya kufungua programu utakazotumia kweli. Ukiridhika, nakili mafaili ya mwenyewe pembeni, ndipo uguse diski.

Na angalia saa. Kuna mashine ilinitesa mchana kutwa, kila tovuti brauza inasema si salama. Nilibadilisha mifumo mitatu. Mwishowe nikatupa jicho kwenye kona ya kioo: Januari 2005. Betri ndogo ya ndani, CR2032, ilikuwa imekufa, tarehe imerudi nyuma, vyeti vya tovuti vyote vikaonekana havijaanza kutumika. Sasa hiyo ndiyo naibadilisha kwanza.

Mzee alipokuja kuchukua mzigo wake aliukodolea macho kioo kwa muda.

"Mbona window yako haina kile kitufe cha kijani?"

"Kipo mzee, chini kushoto palepale. Ila hiki si cha kijani."

Akakibonyeza mara tatu kuhakikisha.