Jinsi ya Kusoma Pembe za Mnyama Mbugani

Kiswahili hutumia neno moja, pembe, kwa silaha ya nyati, ya kifaru, ya twiga na ya ndovu, ilhali vitu hivyo vinne havina asili moja. Kwa hiyo, anayetaka kuielewa pembe aionayo mbugani aanze na shina lake, si ncha yake, na swali lake la kwanza liwe: imeota kutoka wapi?

Kwa nyati, swala, nyumbu na jamaa zao wote, pembe ni mfupa uliochomoza kwenye fuvu na kuvikwa ala ya keratini, dutu ileile inayojenga kucha na nywele zetu. Ala hiyo hukua kutokea chini, hivyo ncha ndiyo sehemu kongwe kuliko zote, na mnyama hubaki nayo maisha yake yote. Mnyama akifa na kuoza, ala huchomoka na kuuacha mfupa, na ndiyo maana pembe ya tandala huwa na uwazi unaoifaa kuwa baragumu. Kifaru hana mfupa ndani ya pembe yake: ni keratini tupu iliyoota kwenye ngozi ya pua, nayo ikikatwa bila kujeruhi mahali inapootea hukua tena. Pembe za ndovu ni meno ya mbele ya taya la juu. Vipembe vya twiga ni mfupa uliofunikwa kwa ngozi na manyoya; vya dume huwa na upara juu kwa sababu ya kupigana kwa vichwa, na vya jike huwa na kishungi cha nywele nyeusi, alama inayotosha kumtambua hata kwa mbali.

Pembe zenye matawi tuzionazo vitabuni ni za jamii ya ayala. Hizo ni mfupa mtupu unaokua haraka chini ya ngozi laini yenye manyoya, kisha hudondoka na kuota upya kila mwaka. Asizitafute mtu Serengeti, kwa kuwa Afrika jamii hiyo ina wenyeji upande wa kaskazini tu. Inasikitisha kwamba mara nyingi mnyama huyo huitwa kulungu, jina ambalo tayari ni la mnyama wetu mwenyewe, ambaye pembe zake hazidondoki kamwe.

Ukishajua asili ya pembe, mtazame jike. Jike wa swala pala, tandala, kuro na tohe hana pembe. Wa nyati, nyumbu, choroa, kongoni na pofu anazo. Mwaka 1871 Charles Darwin alieleza kwamba silaha za madume zilikua kizazi baada ya kizazi kwa sababu aliyewashinda wenzake ndiye aliyepata majike na kuacha watoto wengi. Hoja hiyo ni nzito, lakini peke yake haimwelezi choroa jike, ambaye pembe zake mara nyingi ni ndefu kuliko za dume, ingawa ni nyembamba zaidi. Maelezo yanayoniridhisha ni kwamba mnyama mwenye mwili mkubwa anayeishi kwenye uwanda wazi hana pa kujificha, hivyo jike naye huhitaji silaha dhidi ya wanyama wawindaji, hasa anapokuwa na ndama.

Tofauti hiyo ya kazi huonekana katika umbo. Pembe ya jike kwa kawaida ni nyembamba na iliyonyooka zaidi, yenye kufaa kuchoma. Ya dume ni nene shinani na mara nyingi imepinda, kwa kuwa hana budi kuhimili kishindo na kumshika mpinzani asiponyoke. Tandala dume husokotanisha pembe zao na kusukumana, na zipo nyakati ambapo hushindwa kuachana, wakafa wote wawili.

Tandala mkubwa, ambaye Ruaha ni mahali pazuri pa kumtafuta, hufaa pia kwa anayejifunza kukadiria umri. Pembe za dume huanza kuota akiwa na miezi 6 hadi 12, hukamilisha mzunguko wa kwanza karibu na miaka 2, na kufikia mizunguko miwili na nusu akiwa na miaka 6 hivi. Usihesabu, hata hivyo, mikunjo ya pembe za swala pala ukidhani ni miaka. Hesabu ya namna hiyo hufaa kwa kondoo mwitu wa milima ya Amerika ya Kaskazini, ambao pembe zao husimama kukua wakati wa baridi na kuacha alama kila mwaka.

Kwa nyati dume, elekeza darubini katikati ya paji la uso. Kwa kijana, mashina mawili bado yametenganishwa na ngozi yenye nywele. Kadiri anavyokomaa, mashina hayo hupanuka na kuwa magumu hadi yakaribie kugusana kama ngao, na kwa mzee utaona pia ncha zilizosagika na kuwa butu.