Kugawa muda wa prosesa kwenye kompyuta ya sekretaria

Kwenye sekretaria (ofisi ya kuchapa barua) ya Goma, kompyuta moja ya Linux huandika barua za wateja huku ikigeuza video za harusi. Barua zikianza kukwama, fungua `top`, amri inayoorodhesha programu zinazoendeshwa, utazame safu ya NI, yaani namba ya kipaumbele (nice). Programu huanza na 0. Kiwango ni -20 hadi 19, na namba kubwa ndiyo inayowaachia wengine. Andika `renice -n 19 -p` pamoja na PID (namba ya utambulisho) ya programu ya video. Ikigombania kiini kimoja cha prosesa na programu ya barua, uzito wake katika kugawa muda ni 15 dhidi ya 1024: haipati hata asilimia 2. Barua zikitulia, video huchukua muda wote. Kuirudisha 0 kunahitaji `sudo`, yaani ruhusa ya msimamizi.

Hakuna kilichobadilika? Huenda kerneli (kiini cha mfumo wa Linux) imeweka kila terminali (dirisha la kuandikia amri) kwenye kundi lake, na namba hiyo inapimwa ndani ya kundi tu. Andika 0 kwenye `/proc/sys/kernel/sched_autogroup_enabled`. Hili husahaulika sana.

Unayeandika programu, usizungushe `sched_yield()`, mwito wa kuachia zamu ya prosesa, ukingoja data. Programu inaachia zamu lakini inabaki foleni. Asipokuwepo mwingine inarudishiwa prosesa papo hapo, na `top` inaonyesha 100%. Tumia `poll()`: kerneli huilaza mpaka data ifike.