Wape wabeba magunia chaki

Mwenye ghala la kahawa huku Mbale, Uganda, au kwingineko, jaribu hili: kila kijana wa kubeba magunia apewe kipande cha chaki. Akihisi gunia lina unyevu, au mshono umelegea, achore msalaba mkubwa na aliweke kando bila kuomba ruhusa kwa mtu. Toyota kule Japani waliweka kamba kwenye mstari wa kuunganisha magari, mfanyakazi yeyote aivute kusimamisha kazi akiona kasoro. Chaki ni kamba yetu, na bei yake haifiki hata kikombe cha chai.

Sisi tulichelewa. Mmoja wetu alikuwa akilijua kwa bega tu gunia lililozidi unyevu wa asilimia 13, ila alinyamaza, maana mwenzake aliyewahi kusema alijibiwa, "Kazi yako kubeba." Ukungu ulioota kwenye kahawa ndio ulikuja kutuambia.

Sharti: gunia lenye alama lipimwe siku hiyohiyo, na aliyechora aitwe asome kipimo mwenyewe. Kama amekosea, usimcheke wala usimkate hela ya siku. Puuza alama mbili tatu uone: chaki zote zitaishia kwa watoto wao wa shule.