Jinsi ya Kuendesha Programu ya Mtandaoni ya Kuwategemeza Wanafunzi wa Udaktari

Chuo cha udaktari kinapoamua kuwasaidia wanafunzi wake kwa njia ya mtandao, mara nyingi huanza kwa kutafuta programu inayosifiwa, kuitangaza kwenye makundi ya WhatsApp ya kila mwaka wa masomo, kisha kukaa kusubiri. Baada ya wiki sita waliojiandikisha ni wengi, lakini wanaoendelea wanahesabika kwa vidole. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya washauri wa wanafunzi, wahadhiri na viongozi wa wanafunzi wasiotaka kufika hapo. Ushauri wake mkubwa ni kwamba mtafute kwanza mtu atakayewapigia wanafunzi simu, ndipo mtafute programu.

Kabla ya yote, elewa kwa nini mtandao unahitajika mahali palipojaa madaktari. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2016 katika jarida la kitabibu la JAMA, ukiunganisha tafiti kutoka nchi 43, ulikuta kwamba asilimia 27.2 ya wanafunzi wa udaktari walikuwa na sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, au dalili zake, asilimia 11.1 walikuwa wamewahi kuwaza kujiua katika kipindi kilichochunguzwa, na kati ya walioonekana kuwa na dalili za sonona ni asilimia 15.7 tu waliotafuta matibabu. Takwimu hiyo ya mwisho ndiyo inayostahili kukaa mezani mnapopanga. Mwanafunzi wa mwaka wa nne akienda kliniki ya afya ya akili ya hospitali anamosomea, anaweza kumkuta kwenye benchi mgonjwa aliyemchukulia historia juzi, na ndani akamkuta mhadhiri atakayemtahini mwezi ujao. Hakosi daktari, anakosa mlango wa kuingilia bila kuonekana.

Muda wa kuanza

Usiifungue programu kwa sababu bajeti imetoka. Ifungue kwa kufuata kalenda ya mzigo. Katika mfumo wa Tanzania, ambako shahada ya udaktari huchukua miaka mitano na kufuatiwa na mwaka mmoja wa mafunzo ya vitendo, mizigo hiyo inajulikana: mwaka wa kwanza na hofu ya anatomia na ya kile wanafunzi wanachokiita kudisko, yaani kuondolewa chuoni kwa kufeli, kuingia wodini kwa mara ya kwanza, na wiki za mwisho kabla ya kuanza mafunzo ya vitendo. Programu itangulie mzigo kwa mwezi mmoja hivi, kwa maana aliyekwisha kuelemewa hana nguvu ya kujifunza jambo jipya, hata likiwa la kumsaidia.

Hili lina ushahidi. Nchini Marekani, jaribio lililochapishwa mwaka 2015 liliwashirikisha madaktari 199 waliokuwa wanakaribia kuanza mwaka wao wa kwanza wa kazi hospitalini. Nusu yao walipewa masomo manne ya mtandaoni, moja la nusu saa kila wiki, kwa kutumia programu ya MoodGYM iliyotengenezwa Australia, na wengine walipewa maelezo ya kawaida kuhusu sonona na mahali pa kupata msaada. Katika mwaka uliofuata, asilimia 12 ya kundi la kwanza waliripoti angalau mara moja kuwa na mawazo ya kujiua, ikilinganishwa na asilimia 21.2 ya kundi la pili. Masomo hayo yalitolewa kabla ya kazi kuanza, wakati vichwa vilikuwa bado vimetulia.

Masomo yenyewe

Chagueni masomo mafupi yanayomfundisha mwanafunzi kuzikagua fikra zake na kubadili mwenendo wake, kwa sababu aina hiyo ya tiba ndiyo iliyopimwa zaidi mtandaoni. Chukua mwanafunzi aliyeulizwa kwenye raundi ya wodini ataje visababishi vitano vya macho na ngozi kuwa manjano, akataja viwili, akakemewa mbele ya mgonjwa. Usiku, bwenini, anafungua zoezi la safu tatu. Katika safu ya kwanza anaandika kilichotokea: nimetaja viwili. Katika ya pili anaandika alichojiambia: mimi si wa kuwa daktari. Katika ya tatu anaandika ushahidi, unaounga mkono na unaopinga, na hapo analazimika kukumbuka kwamba wiki hiyohiyo alisikia mnong'ono wa moyo, yaani sauti isiyo ya kawaida ya mapigo, ambao wenzake watatu hawakuusikia. Zoezi hili halihitaji zaidi ya dakika kumi na tano, na halimwambii asiwe na huzuni.

Msiyaweke masomo katika video ndefu, kwani bando la mwanafunzi huisha kabla ya mwezi. Maandishi na sauti fupi zinazoweza kupakuliwa kwenye intaneti ya maktaba na kusikilizwa baadaye zinatosha. Kuhusu lugha, mwanafunzi anafundishwa kwa Kiingereza lakini anahuzunika kwa lugha ya nyumbani. Kwa hiyo mazoezi yaandikwe kwa Kiswahili cha kawaida. Yeye hasemi "nina sonona," anasema "nina mawazo," na neno hilo ndilo litangulie kwenye ukurasa wa kwanza.

Mtu wa simu

Hapa ndipo programu nyingi hufia. Nchini Uingereza, jaribio lililochapishwa mwaka 2015 liliwapa wagonjwa 691 wenye sonona ama matibabu ya kawaida ya daktari wao, ama matibabu hayo pamoja na moja ya programu mbili za kompyuta. Programu hazikuongeza faida yoyote ya maana, na sababu moja ilikuwa wazi: wengi waliacha baada ya somo moja au mawili. Timu hiyo ilirudi tena, safari hii ikiunganisha MoodGYM na simu ya kila wiki kutoka kwa mtu aliyefundishwa kumtia moyo mgonjwa aendelee, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yakaonyesha kwamba waliopigiwa simu walipata nafuu zaidi.

Mpigaji simu si lazima awe mtaalamu wa saikolojia. Nchini Zimbabwe, akina bibi wa mitaa ya Harare walifundishwa kuwasikiliza watu kwenye mabenchi nje ya zahanati, na jaribio la mwaka 2016 lilithibitisha kwamba msaada wao unapunguza dalili. Kwa chuo cha udaktari napendekeza muuguzi mstaafu, au mhitimu anayefanya kazi mbali na chuo, yaani mtu asiyehusika kabisa na alama za mwanafunzi. Akipewa wanafunzi kumi na watano, kila mmoja dakika kumi kwa wiki, kazi yake ni ya saa mbili na nusu tu. Simu yenyewe iwe nyepesi:

"Shikamoo dada."

"Marahaba mdogo wangu. Sikuulizi habari za masomo. Lile somo la pili ulilifungua?"

"Bado dada, nimebanwa na zamu."

"Pole. Hebu tulitafutie dakika ishirini pamoja. Jumamosi asubuhi kabla hujafua nguo, inafaa?"

Hakuna hotuba, wala hakuna kulaumu. Mpigaji anaandika "Jumamosi asubuhi," na Jumapili anapiga tena.

Siri, na mahali siri inapokoma

Mwanafunzi aingie kwa jina la kubuni, kamwe si kwa namba ya usajili, na orodha inayounganisha jina hilo na namba yake ya simu itunzwe na mpigaji simu peke yake. Ofisi ya taaluma isipate chochote zaidi ya idadi ya jumla. Nchini Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inahesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Nchini Kenya iko sheria ya mwaka 2019. Ukurasa wa kwanza ueleze kwa sentensi chache nani anaona majibu, yanatunzwa wapi na yatafutwa lini.

Kuna hofu nyingine ambayo waandaaji husahau. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Kenya nayo ilikuwa na kifungu kama hicho hadi Mahakama Kuu ilipotamka Januari 2025 kwamba kinapingana na Katiba. Mwanafunzi anayelijua hilo atapima mara mbili kabla ya kujibu kwa ukweli, kwa hiyo mwanasheria wa chuo ashirikishwe tangu mwanzo, na mwanafunzi aelezwe kwamba majibu yake ni taarifa za matibabu.

Kama mtatumia dodoso la kupima dalili za sonona liitwalo PHQ-9, ambalo lina maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita na alama kuanzia 0 hadi 27, basi swali la tisa, linalouliza kuhusu mawazo ya kufa au kujidhuru, lisiulizwe mpaka awepo mtu wa kulisoma jibu siku hiyohiyo. Nilipata kusaidia programu moja ambako jibu la aina hiyo liliingia Ijumaa usiku na kusomwa Jumatatu saa nne asubuhi. Binti yule alikuwa salama, lakini mipango yetu haikuwa na mchango wowote katika usalama wake. Tangu hapo naona ni heri kutouliza kabisa kuliko kuuliza na kuondoka. Jibu lolote lisilo sifuri lifungue papo hapo namba ya mtu wa zamu, na siri ikome pale tu maisha yanapokuwa hatarini, jambo ambalo mwanafunzi awe ameambiwa kabla.

Kwa kupima maendeleo ya kila mwezi, kipimo cha hali njema ya nafsi kiitwacho WHO-5 kinatosha: maswali matano, jumla ya alama 25, kisha unazidisha kwa 4. Aliyepata 11 ana 44, na kwa kuwa yuko chini ya 50, apigiwe simu kabla ya wengine.

Uongozi ukisita kutoa fedha, ukumbusheni kwamba Tamko la Geneva, ambalo ni kiapo cha madaktari, kwa marekebisho ya mwaka 2017, linamtaka daktari aitunze afya yake mwenyewe ili aweze kutoa huduma bora. Ila msiutumie mtandao kufunika mambo yenye dawa nyingine. Kama majibu ya mwezi mzima yanalalamikia zamu za saa thelathini au mkopo uliochelewa, pelekeni jumla yake kwenye kikao cha chuo, maana hakuna zoezi la kupumua litakaloliingiza bumu, yaani fedha hizo za mkopo, kwenye akaunti.

La mwisho ni likizo. Chuo kinapofungwa wahadhiri husafiri, na aliyefeli hubaki bwenini peke yake akisubiri sapu, yaani mtihani wa marudio. Simu ya programu ikabidhiwe kwa maandishi kwa mtu aliyebaki, saa zake za kupatikana ziwekwe kwenye ukurasa wa kwanza, na kwa saa zinazobaki iandikwe namba ya chumba cha dharura cha hospitali, ambayo mmoja wenu awe ameipiga usiku ili kuhakikisha kwamba inapokelewa.