Mbegu Haikuwa Feki: Uliiunguza kwa Mbolea ya Kupandia

Mvua za kwanza zikishatulia Nyanda za Juu Kusini, kati ya mwisho wa Novemba na Desemba, lalamiko huwa lilelile kuanzia Mbozi hadi Wanging'ombe: mahindi yameota kwa mapengo, basi mbegu ni feki. Mkulima anarudi duka la pembejeo na mfuko mtupu mkononi, sauti iko juu. Mbegu feki zipo, sikatai. Lakini twende kwanza shambani tufukue mashimo ambayo hayajaota. Mara nyingi tutakuta punje imevimba vizuri, ncha ya mzizi imechungulia kidogo kisha ikawa ya kahawia, na pembeni yake, zikiigusa kabisa, kuna chembe za DAP, mbolea ya kupandia yenye naitrojeni na fosfeti, ambazo hazijamaliza kuyeyuka. Mbegu hiyo ilikuwa nzima. Imeuawa ndani ya shimo, na aliyeiua ni yule aliyeilipia.

Habari ya kutifua mapema, kupanda kwa mistari na kununua mbegu iliyothibitishwa siirudii, mnaijua. Ninachotaka leo ni udongo unaokaa kati ya mbolea na mbegu. Kila mwaka tunausema kwenye mikutano ya kijiji, kila mtu anaitikia kwa kichwa, na siku ya kupanda haupo.

Tuanze na namna mbegu inavyoamka, maana asiyeijua ataona hivi vipimo ni usumbufu wa maofisa tu. Punje kavu ikikutana na unyevu hufyonza maji. Hatua hiyo ya kwanza haihitaji uhai wowote: hata punje iliyokufa mwaka jana itavimba ukiiloweka. Ndiyo maana kuvimba si ushahidi kwamba mambo yanakwenda. Hatua ya pili ni ya ndani. Kiinitete, yaani mmea mchanga uliolala ndani ya punje, kinatuma ishara kwenye tabaka linalozunguka ghala la wanga, vimeng'enya (protini zinazoharakisha kazi za seli) vinatengenezwa, wanga unavunjwa kuwa sukari, na sukari inaunguzwa kwa oksijeni ili kupata nguvu. Nje huoni kitu. Hatua ya tatu ndiyo ya kuota kwenyewe. Seli za mzizi mchanga hujazwa maji hadi zitanuke, na kutanuka huko ndiko kunakoisukuma ncha ya mzizi itoboe ganda na kuingia ardhini. Mhindi hauchanui mzizi wa kwanza kwa kugawanya seli nyingi. Unauchanua kwa kuzijaza maji zile zilizokwisha kuwapo. Maji yakigoma hapo, kazi yote imesimama.

Na maji hugoma kwa sababu moja rahisi. Utando wa seli huruhusu maji kupita, lakini huzuia chumvi nyingi. Maji yanapokuta utando wa namna hiyo hutoka upande wenye vitu vichache vilivyoyeyuka kwenda upande wenye vingi. Hiyo ndiyo osmosisi wanayofundishwa wanafunzi wa biolojia. Mfaransa Jean-Antoine Nollet aliiona tangu 1748, alipofunga chupa ya pombe kali kwa kibofu cha mnyama na kuizamisha katika maji: maji yaliingia hadi kibofu kikatuna. Aliyewahi kutia chumvi kwenye kachumbari na kuiacha dakika kumi amekwisha kuliona jambo lenyewe likienda upande wa pili, matango yamelegea na bakuli limejaa maji. Sasa mbolea ya dukani ni chumvi. Ikiyeyuka katika yale maji machache yanayoizunguka punje, upande wa nje unakuwa mzito kuliko wa ndani. Seli za ncha ya mzizi hazipati maji, tena zinanyang'anywa hata kidogo zilichonacho. Punje inabaki imevimba na haioti.

DAP ina ubaya wake wa ziada. Ina naitrojeni asilimia 18, yote ya amonia, na ikiyeyuka huufanya udongo unaoizunguka uelekee upande wa magadi. Katika hali hiyo sehemu ya amonia hugeuka gesi, na gesi hiyo haizuiwi na utando kama chumvi. Inaingia moja kwa moja hadi ndani ya seli. Ule ukahawia wa ncha ya mzizi mara nyingi ndiyo kazi yake. Yurea ni mbaya zaidi. Kuna kimeng'enya kimejaa kwenye udongo ambacho huigeuza yurea kuwa amonia ndani ya siku chache tu, yaani siku zilezile mbegu inapojaribu kutoa mzizi. Kwa hiyo yurea haikai shimo moja na mbegu kwa kipimo chochote, kikubwa au kidogo, hata kama DAP imeadimika na yurea ndiyo iliyobaki stoo. Nimesikia wanaosema "nimeweka kidogo tu". Hakuna kidogo.

Wataalamu wa mbolea wana kipimo cha ukali wa chumvi, ambapo naitreti ya sodiamu imepewa 100 na nyingine zinapimwa kwa kulinganishwa nayo. TSP, mbolea ya fosfeti isiyo na naitrojeni, iko karibu na 10, DAP takriban 30 na kitu, yurea kama 75, na kloridi ya potasiamu inayowekwa kwenye NPK nyingi (mbolea za mchanganyiko wa naitrojeni, fosfeti na potasiamu) iko juu ya 110. Aliyezoea TSP kwa miaka na hakuona madhara asije akadhani NPK au DAP zitamvumilia vilevile.

Sasa vipimo, na hapa naomba tusikilizane. Shimo liwe na kina cha sentimita 12. Usikisie: chukua rula ya mtoto wa shule, pima kwenye bamba la jembe kuanzia ncha, piga alama kwa rangi au msumari. Mbolea iende chini kabisa. Juu yake rudisha udongo sentimita 7, ambao ni vidole vinne vya mtu mzima vikilazwa pamoja. Mbona saba, na mabango yote yanasema tano? Kwa sababu udongo uliotoka kutifuliwa ni mwepesi. Mvua moja nzuri ikipita unashuka na kubaki tano. Anayeweka tano za udongo tifutifu atabaki na tatu. Kisha weka mbegu, fukia sentimita 5. Saba na tano ni kumi na mbili, hesabu imetimia.

Hata hivyo mzizi wa kwanza wa mhindi huenda chini moja kwa moja, na chini ndiko ulikoiweka mbolea. Ukiweza, iweke ubavuni mwa shimo badala ya katikati, ili mbegu na mbolea ziachane sentimita 5 kwa pembeni na 5 kwa kina. Kwenye mteremko iwe ubavu wa juu, mvua iiteremshie mmea na isiipeleke kwa jirani. Shamba la kichanga liongezee sentimita mbili za nafasi. Udongo wa mfinyanzi huikamata amonia kwenye chembe zake na kuipunguza makali, lakini kichanga hakina cha kuikamatia.

Kiasi. Kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 60, mbegu mbili kila shimo, ekari moja ina mashimo karibu 9,000. Kizibo kimoja cha soda kilichosawazishwa hubeba kama gramu 5 za DAP, kwa hiyo ekari inakula kilo 45, na mfuko wa kilo 50 unatosha pamoja na kinachomwagika. Kwa 75 kwa 30, mbegu moja kila shimo, mashimo ni kama 18,000, na kipimo ni nusu kizibo. Kizibo ninachosema ni kile cha bati cha soda ya chupa ya kioo. Mfuniko wa plastiki wa chupa ya maji ni mkubwa zaidi, na huo ndio ninaouona mikononi mwa vibarua wengi siku hizi. Kusawazisha maana yake ni kupitisha kidole juu. Kilichojaa kilima si kizibo kimoja. Ukitaka kujihakikishia, pima kilo moja dukani, anza nayo kwenye mstari: lazima ifike mashimo 200, yaani mita 120 za mstari kwa nafasi ya 60. Ikikatikia mita 80, simamisha kazi, rekebisha mkono wa anayeweka. Mfuko ukiisha robo tatu ya shamba usiseme ekari yako ni kubwa.

Kosa lenyewe huzaliwa kwenye mpangilio wa watu. Kibarua analipwa kwa ekari, siyo kwa mimea iliyoota, na njia ya mkato ni mtu mmoja kubeba mbolea mkono wa kushoto na mbegu mkono wa kulia, akadondosha vyote kwa mpigo mmoja, na mwenzake akafukia kwa mguu. Shamba linapandwa kabla ya jua kali, mzee anafurahi. Kataza kabisa mtu mmoja kubeba vyote viwili. Mchimbaji atangulie, mweka mbolea afuate na afukie yeye mwenyewe kabla ya kuliacha shimo, halafu mwenye mbegu awe nyuma hatua kumi. Akifika na kuiona mbolea kwa macho, asidondoshe mbegu. Amwite mwenzake arudi. Lipa nyongeza kidogo kwa ekari kama ndiyo itakayowatuliza. Ni nafuu kuliko kununua mfuko wa pili wa mbegu chotara.

Wakati nao una neno lake. Hatari kubwa haiko kwenye mvua nyingi, iko kwenye mvua ya kudanganya: inanyesha milimita chache, juu panalowa, kisha jua la wiki nzima. Unyevu ule unatosha kuivimbisha punje na kuyeyusha mbolea, lakini hautoshi kuitawanya chumvi. Kadiri udongo unavyokauka, mchanganyiko unaozunguka mbegu unazidi kuwa mkali kila siku. Subiri unyevu ufike sentimita 15. Chimba uone, udongo wa chini ukiufinya kiganjani ushikane. Anayepanda kwenye vumbi kwa kuwahi msimu, na ninajua mpo, apande mbegu peke yake. Mbolea aiweke mahindi yakishatoka, ndani ya siku 7 hadi 10, kwenye kijishimo cha kina cha sentimita 5 kilicho umbali wa sentimita 5 kutoka kwenye mche, na aifukie. Mche mchanga una akiba ya chakula kwenye punje yake kwa siku hizo za mwanzo, hautakufa njaa. Lakini usipitishe wiki mbili, kwa kuwa fosfeti haitembei ardhini. Mizizi ndiyo inayoifuata, na ukiimwaga juu ya ardhi itabaki hapohapo juu.

Yurea ya kukuzia ina umbali wake pia: sentimita 10 kutoka kwenye shina, udongo ukiwa na unyevu, na ifukiwe. Si kwenye kitako cha mmea wala kwenye koo la majani. Kwa mfuko mmoja wa kilo 50 kwa ekari, mistari ikiwa ya sentimita 75, kilo moja inatembea kama mita 108.

Maharage msiyapime kwa mahindi. Mikunde huunguzwa na mbolea upesi zaidi, na anayechanganya mbegu za maharage na DAP kwenye beseni moja ili apande haraka, sijui nimwambieje.

Kabla ya kumshtaki muuza pembejeo, fanya jaribio la siku saba. Hesabu mbegu 100 za mfuko uleule, zigawe hamsini hamsini, zifunge kwenye vitambaa viwili. Kimoja kilowe kwa maji matupu. Cha pili kilowe kwa maji ya robo lita yaliyoyeyushwa vizibo viwili vya DAP. Viweke sehemu yenye joto, kila kimoja ukiongezee maji yake kikianza kukauka. Kama cha maji matupu kimeotesha 45 au zaidi, mbegu yako haina kosa. Na cha pili utakuta nyingi hazikutoa hata ncha. Shambani nako fukua mashimo ishirini yasiyoota, uangalie kila punje. Iliyoliwa ndani ikabaki ganda ni wadudu. Iliyooza na kunuka ilikosa oksijeni kwenye maji yaliyotuama. Iliyotoa jani likajikunja chini ya ardhi ulizidisha kina. Iliyovimba ikabaki hivyo, au yenye ncha ya kahawia, nimekwisha kuieleza.

Ukipanda sawasawa, mistari itaonekana yote kati ya siku ya 6 na ya 10, kwenye baridi ya Njombe zaidi kidogo.

Kurudishia mapengo ndiko watu wanakopoteza pesa mara ya pili. Wanafukua shimo lilelile, wanatupia mbegu nyingine palepale penye chumvi, na wengine wanaongeza kizibo kingine cha mbolea wakidhani ya kwanza ilipungua. Chimba shimo jipya sentimita 10 kutoka la zamani, kwenye mstari uleule, panda mbegu bila mbolea yoyote. Ile ya shimo la kwanza ipo na mizizi itaifikia yenyewe. Fanya hivyo ndani ya siku 10 tangu mahindi ya kwanza yatokeze. Zikipita wiki tatu acha mahindi, kwa kuwa mmea wa kuchelewa utafunikwa na kivuli cha wenzake na kutoa gunzi tupu. Hapo panda maharage kwenye mapengo, nayo bila mbolea.