Presha ya ukoo au ya chumvi? Namna ya kutumia mapacha kupata jibu

Huku Dodoma mtu akipimwa akakutwa na presha utasikia majirani "ah, kwao ni ya ukoo hiyo", mjadala umeisha. Ila ukoo unakupa vitu viwili kwa mpigo, unakupa damu na unakupa sufuria, mmekula ugali wa uwele na mlenda wenye chumvi ileile tangu wadogo, sasa utajuaje kipi kimewapandisha? Mapacha ndo wanasaidia hapo, na hii njia si ngeni, Mwingereza Francis Galton aliandika habari za kutumia mapacha tangu 1875.

Cha kwanza tafuta aina zote mbili za mapacha, na hapa ndo wengi wanakosea. Kulwa na Doto wa yai moja wana vinasaba karibu sawa kabisa, wa mayai mawili wanafanana vinasaba kwa wastani wa nusu tu kama ndugu wengine wa baba na mama mmoja. Ukiwapima wa yai moja peke yao ukakuta wote wana presha bado hujajua kitu, maana walilala kitanda kimoja na kula sahani moja pia. Unachotafuta ni hawa wa yai moja wanawazidi wale wengine kufanana kwa kiasi gani. Na wa mayai mawili chukua wa jinsia moja, kaka na dada watakuvurugia.

Usiamini macho, wala habari ya kondo la nyuma. Mama atakwambia walikuja na makondo mawili kwa hiyo si wa yai moja, kumbe wa yai moja wenye makondo mawili wapo wengi tu. Jibu la uhakika ni DNA, hela isipotosha waulize kama utotoni hata ndugu na walimu walikuwa wanawachanganya.

Kabla hujamfunga mtu kipimo mkononi pata kibali cha maadili, NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu) au kamati ya chuo chako, halafu kila pacha akubali mwenyewe, Kulwa asimsemee Doto. Hili naomba sana usiliruke. Kupima, kila mmoja peke yake, akae ametulia dakika 5, mkono uleule, mashine ileile, rudia upate wastani.

Haya hesabu. Tafuta koreleshoni ya presha kwa kila kundi, yaani namba inayoonyesha presha ya pacha mmoja inafuatana kiasi gani na ya mwenzake, 0 hazifuatani kabisa, 1 zinafuatana moja kwa moja. Tuseme, namba za mfano tu hizi, yai moja umepata 0.60 na mayai mawili 0.35. Toa, inabaki 0.25, zidisha kwa 2, maana wa mayai mawili wanafanana vinasaba nusu tu, unapata 0.50, hiyo ndo sehemu ya vinasaba. Mazingira ya pamoja, yaani ya nyumbani, ni 0.60 toa 0.50, 0.10. Inayobaki mpaka 1 ni 0.40, hayo ni mambo ya mtu mwenyewe, kazi yake, pombe, stresi, pamoja na makosa ya kipimo chako.

Hesabu hii inachukulia kwamba wa yai moja hawalelewi kwa kufananishwa kuliko wale wengine. Wakati mwingine wanafananishwa, wanavalishwa sare, wanafanya kila kitu pamoja, kwa hiyo waulize wameishi wote miaka mingapi na uiandike.

Na hiyo 0.50 haina maana nusu ya presha ya Doto katoka nayo kwa mama, inaongelea tofauti kati ya watu wa kundi ulilopima. Ukienda kijiji cha Bahi ambako labda wote wanatia chumvi nyingi sawasawa, tofauti zitakazobaki zitaonekana za vinasaba zaidi, wakati chumvi hiyohiyo ndo imewapandisha wote. Ndo maana mimi ningepima na chumvi kwenye mkojo wao, wa saa 24 ukiweza.